Mhitimu, Usisake Kazi Kimyakimya

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wahitimu wapya na wazazi wao. Wengi hawakufika, na baadhi yao waliomba maneno yote, si muhtasari. Nimeyaweka kama nilivyoyasema, ila nimepunguza pale niliporudia jambo kupita kiasi.

Ndugu wahitimu, wazazi na walezi, walimu mliokuja kuwaona hawa vijana wenu kwa mara nyingine, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutafuta kazi wakati uchumi umebana. Mwenyekiti aliponipa mada aliniambia, "Watie moyo." Nikamjibu kwamba nitajaribu, lakini nitaanza na ukweli. Mtu ukimtia moyo kwa maneno matamu matupu, furaha yake ni ya siku mbili. Wiki ya tatu, majibu yakiwa hayaji, anaanza kujilaumu.

Ukweli wenyewe ni huu: hamko peke yenu, na hamkulogwa. Shirika la Kazi Duniani linasema mwaka 2023 vijana wa miaka 15 hadi 24 waliokuwa wakitafuta kazi bila kuipata walikaribia milioni 65 duniani. Hiyo ni asilimia 13 ya vijana wote waliokuwemo kwenye soko la ajira. Sasa sikilizeni vizuri: kiwango hicho kilikuwa cha chini kuliko vyote katika miaka 15 iliyotangulia. Yaani huo ndio mwaka uliohesabiwa kuwa mzuri! Katika mwaka mzuri, karibu kijana mmoja kati ya wanane anayeitaka kazi haipati. Tena kijana mmoja kati ya watano hakuwa kazini, wala shuleni, wala kwenye mafunzo yoyote, na kati ya hao, wawili katika kila watatu walikuwa wa kike.

Kwa nini ninyi ndio mnaoumia kwanza? Kwa sababu mwajiri mambo yakimwendea vibaya hakimbilii kufukuza watu. Kufukuza kuna gharama, kuna kesi, kuna lawama. Anachofanya kwanza ni kuacha kuajiri. Aliyestaafu hajazwi nafasi yake, aliyehama kazi yake inagawiwa waliobaki. Aliyemo ndani anabaki ndani akilalamika. Anayebisha hodi ndiye haitikiwi. Basi unapotuma maombi na kunyamaziwa, usikimbilie kusema, "Mimi sifai." Mara nyingi hata barua yako haijasomwa.

Je, kuanza kwa tabu kunamaanisha kubaki na tabu? Wachumi watatu, Philip Oreopoulos, Till von Wachter na Andrew Heisz, walifuatilia kumbukumbu za wahitimu wa vyuo wa Kanada kwa miaka mingi, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Waliohitimu wakati uchumi umedorora walianza na kipato kilichopungua kwa takriban asilimia 9, na pengo hilo lilichukua karibu miaka 10 kuzibika. Miaka 10 si mchezo, sitawadanganya. Lakini walioliziba pengo hilo waliliziba vipi? Kwa kuhama. Walianza kwa waajiri wadogo, wenye mishahara midogo, kisha wakasogea hatua kwa hatua kwa waajiri bora. Waliokwama pale walipoanzia ndio walioendelea kuumia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza usiitafute kama unatafuta mchumba. Itafute kama mahali pa kupandia gari.

Sasa tuingie kwenye kiini. Jambo ninalotaka kuwaambia leo ni moja, na nitalizunguka mpaka mlichoke: usisake kazi kimyakimya. Usijifungie chumbani na simu, unatuma maombi usiku, unasubiri, unatuma tena, na hakuna hata mmoja nje ya nyumba yenu anayejua unatafuta nini. Nani atakukumbuka? Atakukumbukaje, kama hajui?

Niwape kisa. Mwaka 1900 kijana mmoja alihitimu chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, akiwa na sifa ya kufundisha hisabati na fizikia. Wenzake wa darasani wakapata nafasi za usaidizi wa maprofesa. Yeye hakupata. Akaandika barua kwa maprofesa wa miji mbalimbali ya Ulaya. Kimya. Mmoja wao alikuwa mkemia maarufu wa Leipzig, Wilhelm Ostwald. Kijana akamwandikia, akaona kimya, akaandika tena. Baba yake naye, bila kumwambia mwanawe, akamwandikia profesa huyo akimsihi ampe kijana japo neno la faraja. Wazazi mliopo hapa, mnamwelewa baba huyu, sivyo? Kijana akaishi kwa vibarua: akashika nafasi ya ualimu wa muda hapa, akafundisha mwanafunzi binafsi pale, na alipohamia Bern akaweka tangazo gazetini kwamba anafundisha hisabati na fizikia, na masomo ya kujaribu ni bure. Jina lake Albert Einstein.

Kazi aliipataje? Alikuwa na rafiki wa darasani, Marcel Grossmann, yule aliyekuwa akimwazima madaftari ya mihadhara. Grossmann akazungumza na baba yake. Baba yake alikuwa akifahamiana na mkurugenzi wa ofisi ya hataza ya Bern, yaani ofisi ya kusajili haki za uvumbuzi, akamtaja kijana. Nafasi ilipotangazwa, Einstein akaiomba kama waombaji wengine, na Juni 1902 akaanza kazi kwa majaribio, mtaalamu wa daraja la tatu, la chini kabisa. Mwaka 1905, akiwa bado kwenye meza hiyohiyo, akaandika makala zilizobadili fizikia. Na yule Ostwald aliyenyamaza? Miaka michache baadaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpendekeza Einstein kwa Tuzo ya Nobel, ile ya mwaka 1910.

Nawasikia mnanong'ona huko nyuma. "Hiyo si koneksheni tu?" Ndiyo, ni koneksheni, na hainitishi. Kubebwa ni kupewa kazi usiyoiweza huku anayeiweza amesimama nje. Hiyo ni dhuluma, tuiite hivyo. Lakini kutajwa mbele ya mtu anayetafuta mfanyakazi, kisha ukaomba, ukapimwa, ukaanza kwa majaribio, hapo pana dhambi gani?

Na angalieni ni nani aliyemfaa. Hakuwa mjomba wake, wala baba yake mzazi aliyekuwa akihangaika kuandika barua. Alikuwa baba wa rafiki. Mtu wa mbali kidogo.

Mwanasosholojia Mark Granovetter alilitafiti jambo hili huko Newton, karibu na Boston, Marekani, na makala yake ya mwaka 1973 inasomwa hadi leo. Aliwauliza watu waliobadili kazi karibuni, waliopata habari kupitia mtu: huyo mtu mlikuwa mkionana mara ngapi? Waliokuwa wakionana naye mara kwa mara hawakufika asilimia 17. Zaidi ya nusu walikuwa wakionana naye mara mojamoja tu, na zaidi ya robo walikuwa wakionana naye mara moja kwa mwaka au pungufu ya hapo. Mwaka 2022 watafiti wakalipima tena kwa kutumia watumiaji zaidi ya milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn, na mwelekeo ukawa uleule. Waliosaidia zaidi ni watu wa katikati: mnajuana, mna marafiki kadhaa wa pamoja, lakini hamshindi pamoja.

Kwa nini iwe hivyo, na ndugu zako wa karibu ndio wanaokupenda? Fikiri. Rafiki yako wa chanda na pete anajua unachokijua wewe. Mko kwenye makundi yaleyale ya simu, mnatumiana matangazo yaleyale, na wote hamna kazi. Yule uliyefanya naye mafunzo kwa vitendo miaka miwili iliyopita anakaa kati ya watu usiowajua kabisa. Habari mpya ziko kwake.

Basi kesho asubuhi andikeni ujumbe. Siyo ule wa "Naomba kazi yoyote ile." Kazi yoyote ile haina mwenyewe. Mtu anausoma, anakuonea huruma, anasahau. Andika hivi, kwa mfano: "Shikamoo mwalimu. Ulinifundisha takwimu mwaka wa pili, ndiye niliyekuwa nakaa mbele na kuuliza maswali mengi. Nimemaliza. Nataka kuingia kwenye uchambuzi wa takwimu za afya. Siombi unipe kazi. Naomba dakika 15 unieleze watu wa upande huo huanzia wapi, na kama kuna mwingine ninayeweza kumwuliza." Umejitambulisha, umetaja unachotaka, umeomba kitu ambacho mtu anaweza kukitoa bila kuumia. Akikunyamazia, baada ya wiki mkumbushe mara moja, kwa adabu. Akinyamaza tena, mwache na usimchukie. Hujui kumempata nini.

Haya. Tuseme umetajwa, umeitwa. Utaonyesha nini?

Mimi nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili mara nyingi, na nawaambia, tunachoka. Tunachoka kwa sababu majibu yanafanana. "Mimi ni mtu mwaminifu, mchapakazi, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Kila mmoja. Siku moja tulikuwa tukitafuta msaidizi wa mhasibu. Swali letu lilikuwa: tueleze wakati uliposhika fedha za watu. Wakaja vijana na vyeti vizuri kwenye mafaili ya plastiki, wote waaminifu, wote wachapakazi. Akaingia binti mmoja. Hakujibu mara moja. Akafungua begi akatoa daftari la mistari, jalada limechakaa pembeni, akaliweka mezani. Alikuwa mweka hazina wa darasa wakati wa safari ya masomo. Ndani amepiga safu kwa rula: tarehe, jina, kilichoingia, kilichotoka, salio. Akafungua ukurasa mmoja wenye wino mwekundu. "Hapa salio lilikataa," akasema. Chini ya mstari alikuwa ameandika alivyolitafuta kosa mpaka akaliona: risiti moja ilikuwa imeingizwa mara mbili. Mwenzangu aliyekuwa amekwisha kufunga kalamu yake akavaa miwani, akauvuta ule ukurasa, akausoma wote.

Mnadhani kuna aliyemwuliza tena kama ni mwaminifu?

Sasa wewe jiulize: daftari lako ni lipi? Umesoma uandishi, ziko wapi makala zako, hata kama hakuna aliyekulipa? Umesoma kompyuta, iko wapi programu ndogo inayofanya kazi, mtu akaifungua na kuibonyeza? Umesoma kilimo, umepanda nini, ukapima nini, ukaandika wapi? Mwajiri anayebanwa na uchumi anaogopa kitu kimoja: kukosea kuajiri. Mpunguzie hofu hiyo kwa kumwonyesha.

Kuhusu CV nitasema machache, maana mmekwisha kufundishwa sana. Kampuni nyingi kubwa hutumia programu za kupokea na kuchambua maombi kabla mtu hajayasoma. Programu hizo huvurugwa na visanduku, picha na safu mbilimbili za mapambo. Andika wazi, kurasa moja au mbili. Tangazo likisema "uchambuzi wa takwimu" na kweli umeufanya, andika "uchambuzi wa takwimu", usiandike "shughuli za namba". Kila unachodai kiwe na mfano: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulifanya nini, kikatokea nini. Na faili lipe jina lako, jamani. Nimepokea mafaili yanayoitwa "CV mpya ya mwisho kabisa 3".

Wengine mtaambiwa mjitolee kwanza. Kujitolea kunafaa, nami nakuunga mkono, lakini kuna kujitolea na kuna kunyonywa. Kabla hujaanza, waulize: nitafanya kazi gani hasa, nani atanisimamia, na itaisha lini? Omba barua inayotaja ulichofanya. Wakishindwa kutaja hata tarehe ya mwisho, hapo huna mwalimu, una mtu aliyepata mikono ya bure.

Na matapeli! Hawa huongezeka ajira zikipungua, kwa sababu wanajua mna haraka. Sheria yangu ni fupi: kazi inakulipa, wewe huilipi kazi. Ukiambiwa utoe pesa ya fomu, ya sare, ya kuhifadhiwa nafasi, ondoka. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema kama kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ingawa unaruhusu vighairi vichache. Kazi za nje ya nchi ziangalie mara mbili: nani atashika pasipoti yako? Shirika hilohilo linahesabu kuzuiliwa hati zako kuwa moja ya dalili za kazi za kulazimishwa. Usaili unaofanyika kwa ujumbe mfupi tu, bila sura, bila sauti, na siku hiyohiyo umeajiriwa kwa mshahara mnono? Ndugu yangu, hata wewe mwenyewe unajua.

Jambo la mwisho ndilo nililolifikiria sana, na hapa naomba simu ziwekwe chini.

Karibu na Vienna, Austria, kuna kijiji kinaitwa Marienthal. Kilitegemea kiwanda cha nguo. Mdororo mkuu wa uchumi ulipoingia kiwanda kikafungwa, na karibu kijiji kizima kikawa hakina kazi. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakawachunguza watu hao kwa karibu, wakachapisha waliyoyaona mwaka 1933. Ungedhani mtu asiye na kazi, mwenye saa zote mkononi, atasoma zaidi. Maktaba ya kijiji ilikuwa imeondoa ada. Lakini vitabu vilivyoazimwa vikapungua karibu nusu. Wanaume walipovuka kijiji walitembea polepole kuliko wanawake, wakisimama njiani, na wengi waliacha kuvaa saa. Walipoombwa waandike walichofanya kutwa nzima, asubuhi hadi mchana walikosa la kuandika. Wanawake walikuwa na kazi za nyumbani za kuwasukuma, na siku zao zikabaki na umbo.

Hawakuwa wavivu, watu hawa. Walikuwa wachapakazi wa kiwandani. Ni siku zao zilizokuwa zimekosa mahali pa kushikia.

Kwa hiyo mhitimu, ipe siku yako mahali pa kushikia. Amka saa ileile. Asubuhi tafuta kazi, kwa saa chache, kwa bidii, kisha ufunge. Hakuna anayeweza kusaka kazi saa 10 kwa siku akabaki na akili timamu. Mchana uwe na mahali ambapo kuna mtu anakusubiri: darasa unalofundisha, timu, duka la jamaa, mradi wa kujitolea wenye tarehe ya mwisho. Nasema mtu anakusubiri, kwa sababu ahadi uliyojipa mwenyewe utaivunja, ya mtu mwingine utaona aibu kuivunja.

Pengo kwenye CV nalo linawatisha, najua. Watafiti waliotuma CV za kubuni kwa waajiri wa miji mingi ya Marekani, wakachapisha mwaka 2013, walikuta kweli kwamba kadiri mtu anavyokaa bila kazi ndivyo anavyoitwa kidogo, hasa katika miezi 8 ya kwanza. Lakini wakakuta na hili: mahali penye uhaba mkubwa wa kazi, adhabu hiyo ilikuwa ndogo. Mwajiri naye anaona hali ilivyo. Anajua kwamba hata mtu hodari anaweza kukaa mtaani. Basi pengo lieleze kwa sentensi moja, bila kuomba radhi, kisha taja ulichokuwa ukifanya.

Wazazi wangu, nina ombi moja kwenu. Mnapomwona kijana nyumbani msimwulize kila jioni, "Umepata?" Angekuwa amepata mngekuwa wa kwanza kujua, tena kwa vigelegele. Mwulizeni, "Leo umezungumza na nani?" Kisha fikirini ni nani mnayemjua ambaye yeye hamjui. Baba yake Grossmann hakutoa hela wala hakughushi cheti. Alimtaja tu mtoto wa watu.

Wahitimu, mmepewa karatasi mlipoingia. Kabla hamjanyanyuka, andikeni majina ya watu watano wa mbali kidogo, mliosoma nao, mliofanya nao mafunzo, waliowahi kuwafundisha. Anayesema hana hata mmoja aangalie kwanza orodha ya namba kwenye simu yake. Mimi nitakuwa kwenye meza ile karibu na dirisha mpaka ukumbi ufungwe. Mwenye CV aje nayo tuisome pamoja, mwenye ujumbe aliokwama kuuandika aje tuuandike, na mwenye daftari aje nalo kwanza.